Vibanio Nyuma ya Gauni

Mwaka jana nilikwenda katika duka moja la nguo Kariakoo kuchukua gauni nililoagiza, nikamkuta mpiga picha akiandaa tangazo la nguo mpya za wanawake wanene. Aliyevalishwa alikuwa binti mwembamba, na kwa kuwa nilisimama upande wa mgongo wake, niliona kile ambacho kamera haikukiona: vibanio vya kuanikia nguo, saba kwa hesabu yangu, vimeshika kitambaa kilichozidi kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nilipomuuliza muuzaji kwa nini hawakumtafuta mwanamke anayelienea gauni lenyewe, alinijibu pasipo haya, "Dada, picha haipigwi mgongoni."

Gauni langu, ambalo nililichagua kwa kutazama picha ya namna hiyohiyo, lilinibana kwapani na kupwaya mabegani. Fundi wangu aliligeuza ndani nje, akasema limekatwa kwa mwili mdogo kisha likapanuliwa pande zote sawasawa, kana kwamba mwanamke akinenepa mifupa ya mabega nayo hurefuka.

Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, tangazo ambalo ndani yake mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta ni lazima liandikwe kuwa picha imehaririwa, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya yuro 37,500. Huko Marekani, Aerie, wauzaji wa nguo za ndani, walitangaza mwaka 2014 kwamba hawatahariri tena miili ya wanamitindo wao. Ni hatua njema, ila zinahusu kompyuta, kibanio hakimo.

Tena vibanio si vya kitambaa pekee. Halima Aden, mwanamitindo Mmarekani mwenye asili ya Kisomali aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alipigwa picha Watamu, katika pwani ya Kenya, akiwa na hijabu na vazi la kuogelea la kujisitiri, na picha hizo zilipotoka mwaka 2019 katika toleo la mavazi ya kuogelea la jarida la Marekani, Sports Illustrated, akawa wa kwanza kuonekana humo kwa vazi hilo. Novemba 2020 aliiacha kazi hiyo, akieleza jinsi alivyokuwa akilegeza masharti ya dini yake, hata kufikia kuzungushiwa suruali ya jinzi kichwani mahali pa hijabu. Walimtaka kwa tofauti yake, kisha wakambana nyuma ili aenee.

Wala sisi tusijione tumesalimika. Sanamu za madukani Kariakoo zina nyonga pana na kiuno cha nyigu, na mdogo wangu, ambaye tangu shuleni anaitwa kimbaumbau, huvaa taiti mbili chini ya gauni kila tunapokwenda harusini, hata joto la Januari likiwa kali namna gani.

Fundi wangu hakuniuliza saizi. Alisema tu, "Inua mikono, dada," akanizungushia tepu, akaandika namba zake kwenye kipande cha boksi. Gauni lilipokuwa tayari nilipigwa picha mbili, ya mbele na ya mgongoni, nikamtumia yule muuzaji. Jibu lake lilikuwa swali: fundi huyo anapatikana wapi?