Kumbe nilikuwa namkinga mzee

Leo Jumamosi nimekaa zangu barazani hapa Mwanga, Kigoma, miguu inauma balaa, nikaona niandike kabla sijasahau maana wiki hii tulikuwa na mafunzo kazini siku tatu na mimi nilienda nimenuna. Semina nazijua bwana. Projekta inagoma, mtu anasoma slaidi neno kwa neno, chai na sambusa, jioni mnasaini posho mnatawanyika. Siku ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, ila mkufunzi mmoja kutoka Dar aliteleza akasema Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa na Waingereza, ukumbi mzima ukaguna. Jamani, Kigoma hii! Kijana wa stoo akasimama akamwaga yote, kwamba Wajerumani waliijenga kule Papenburg 1913, wakaifungua vipande vikaletwa huku, ikaunganishwa hapahapa ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe adui asiipate, Waingereza wao waliiopoa tu 1924. Mkufunzi akacheka, akasema basi njoo mbele ufundishe wewe.

Siku ya pili ndo iliyonipata.

Tukapelekwa gatini, tukaambiwa tubadilishane kazi. Mimi karani wa kuhesabu shehena, kazi yangu miaka sita ni ubao, kalamu na vijistari, vinne wima na cha tano kinavikata, slingi, yaani kamba za kunyanyulia mzigo, ikipita nahesabu mifuko. Ubao wangu akapewa kuli mmoja mtani sana, mimi nikaambiwa nimuongoze opareta wa kreni kwa ishara za mikono. Nikajiona nimepewa kazi ya watoto. Kidole juu ukikizungusha maana yake nyanyua, kidole chini ukikizungusha teremsha, nini kigumu hapo? Basi mifuko kumi ya saruji ikapanda vizuri tu, kufika kwenye kuteremsha nikasahau, nikapunga kiganja kama naita bodaboda. Kreni kimya. Nikapunga tena kwa nguvu, kimya, saruji inaning'inia juu yetu sote tumetoa macho. Mzee, yaani opareta kule juu, wala hakutikisika. Mkufunzi akaniambia yuko sahihi, ishara asiyoielewa haifuati, na anamfuata mtu mmoja tu, isipokuwa ishara ya simama, hiyo akiitoa yeyote, hata mfagiaji, lazima asimame.

Baadaye tukapandishwa kwenye kibanda cha kreni mmoja mmoja. Ngazi ile na sketi, tuyaache. Nilipokaa kwenye kile kiti nikashangaa, kumbe ndani ya tumbo la meli huoni kitu! Unaona mdomo wa shimo na giza, basi. Macho yako ni mikono ya yule anayetoa ishara pale ukingoni. Sasa nikawa namtafuta aliyekuwa anatoa ishara, simuoni, naona mgongo wa mtu na ubao. Ni yule kuli, ananiigiza mimi, kiuno upande, kalamu sikioni, amesimama palepale ninaposimamaga mimi kila siku kwa sababu pana kivuli. Chini watu wanakufa kwa kicheko. Mimi huku juu sikucheka.

Maana mimi ndo nilikuwa kinara wa kusema mzee mzito. Meli ya Bujumbura ikichelewa kujaa, nasema mzee huyo, anavizia honi ya kutoka kama anavua migebuka. Na kuna siku niliandika hivyo kwenye ripoti kabisa, siyo kwa maneno hayo lakini ndo maana yake.

Nikamfuata wakati wa chai. Shikamoo baba. Marahaba Karani. Nikamuuliza kwa nini hukuwahi kuniambia nakukinga usione? Akachovya andazi taratibu, akasema, "Nilikwambia mara mbili, binti yangu. Ukanijibu subiri namalizia mstari." Sikumbuki kabisa, ila maneno hayo ni yangu, siwezi kukataa. Nikauliza sasa ulikuwa unafanyaje? "Nasubiri usogee." Miaka sita!

Siku ya tatu ilikuwa kuvuta kamba, ofisi dhidi ya gati, tukaburuzwa kama dagaa kwenye wavu, wanaiita timu bilding, mimi naiita maumivu ya mgongo. Sina kinyongo lakini kama hela ya zile tisheti ingenunua mwamvuli mmoja wa makarani ningeshukuru zaidi.

Jana tukarudi kazini, meli inapakia. Asubuhi mzee akanipitia, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Karani," nikaitikia, nikachukua kofia ya kaka yangu nikaenda kusimama upande wa pili, juani, jasho linalowesha karatasi, vijistari vinatambaa. Slingi ya kwanza ikashuka bila kusita, ya pili, ya tatu, nikawa najisikia mtu mpya kabisa. Mara mzee akapiga honi. Nikajua ananishukuru, nikainua mkono kumpungia. Akapiga tena, ndefu. Kuangalia chini, kumbe nimekanyaga kamba.