Moto Ambao Haukuua Mtu: Kuhusu Riwaya Ninayoiandika Hapa Tabora

Marafiki wachache wanaosoma rasimu ya riwaya yangu, ambayo mhusika wake mkuu ni askari wa zimamoto anayechunguza vyanzo vya moto, wamenishauri nimpe jinamizi la kawaida, yaani watoto waliofia ndani ya nyumba naye amesimama nje asiweze kuwafikia. Watoto hao wamo katika riwaya, kwa kuwa askari aliyetumikia kazi hiyo miaka mingi hawezi kukosa maiti za kukumbuka. Hata hivyo, moto unaomnyima usingizi kuliko yote ni ule ambao haukumuua mtu yeyote, na ningependa kueleza kwa nini nimeamua hivyo, kwa sababu naamini uamuzi huo ndio unaoibeba hadithi nzima, mapenzi yake pamoja na hofu yake.

Kama nilivyoupanga, moto huo uliteketeza nyumba ya mfanyabiashara wa tumbaku katika mji mdogo wilayani Sikonge, usiku wa kiangazi, wenye nyumba wakiwa msibani. Mpelelezi, wakati huo kijana mwenye cheo kidogo na hamu kubwa ya kuaminiwa, alikuja na gari la zimamoto usiku ule, akashika mpira wa maji mpaka moto ulipozimika, kisha asubuhi akaingia kukagua. Aliona sakafu ya saruji imebanduka vipande vipande karibu na mlango, na kioo cha dirisha kimejaa nyufa ndogo zilizosukana kama utando wa buibui. Waliomtangulia kazini walikuwa wamemfundisha kwamba saruji ikibanduka hivyo basi petroli imemwagwa, na kwamba kioo kikipasuka kwa namna ile basi joto lilipanda ghafla kwa sababu moto ulichochewa. Mrina asali mmoja aliyegombana na mfanyabiashara yule kwa ajili ya deni alikuwa ameonekana jioni akipita njia ile na kienge chake, yaani mwenge wa kufukuzia nyuki. Mahakama iliyaunganisha mambo hayo matatu, na kwa kuwa kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa anayechoma nyumba kwa makusudi, mrina asali akafungwa maisha.

Ishara zote mbili zilizomfunga si ushahidi wa petroli. Saruji huwa na unyevu ndani yake, na inapopata joto kali unyevu huo hugeuka mvuke na kuisukuma tabaka ya juu mpaka ibanduke, jambo linaloweza kutokea penye kabati la nguo lililoungua, penye godoro, au mahali popote moto ulipokaa muda mrefu. Petroli iliyomwagwa sakafuni hata huikinga sakafu iliyo chini yake kwa muda, kwa sababu kinachoungua ni mvuke wake unaoelea juu ya kimiminika. Habari ya kioo ndiyo iliyonishtua zaidi nilipoisoma. Baada ya moto mkubwa uliounguza maelfu ya nyumba kwenye vilima vya Oakland, California, mwaka 1991, mchunguzi John Lentini na wenzake walikagua mabaki na kukuta vioo vyenye nyufa za aina hiyo katika nyumba ambazo hakuna aliyezimwagia kitu. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba nyufa hizo hutokea kioo chenye moto kinapopigwa na maji baridi.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, nyufa alizozisoma mpelelezi wangu kama alama ya mhalifu alizitia yeye mwenyewe kwa mpira wa maji aliokuwa ameushika. Nilipofika hapo nilijua kwamba nimepata riwaya.

Mwaka huohuo wa 1991, mjini Jacksonville, Florida, waendesha mashtaka walikuwa na mtuhumiwa aliyedaiwa kuchoma nyumba na kuua watu sita wa familia yake, na yeye akasisitiza kwamba moto ulianzia kwenye kochi. Nyumba ya jirani iliyofanana na ile ilikuwa inasubiri kubomolewa, hivyo wataalamu waliokuwa upande wa mashtaka wakaipanga vilevile na kuliwasha kochi, wakitarajia kuthibitisha kwamba maelezo ya mtuhumiwa hayawezekani. Katika muda usiozidi dakika tano moshi wenye joto uliojikusanya chini ya dari ulifikia kiwango cha kuwasha kila kitu chumbani kwa mara moja, sakafu ikaungua kwa mabaka yaliyofanana kabisa na ya mafuta yaliyomwagwa, ingawa hapakuwa na tone la mafuta. Mashtaka yalifutwa. Mwanamume mwingine, Cameron Todd Willingham wa Corsicana, Texas, hakupata bahati hiyo. Mabinti zake watatu walikufa motoni tarehe 23 Desemba 1991, ushahidi dhidi yake ukategemea kwa sehemu kubwa ishara za aina hii, naye akauawa kwa sindano ya sumu tarehe 17 Februari 2004. Mwaka 2009 mtaalamu aliyepewa kazi na tume ya serikali ya Texas aliandika kwamba hitimisho la uchomaji wa makusudi halikuwa na msingi wa kisayansi. Mwongozo wa kitaalamu wa Marekani unaodai kila dhana ipimwe kabla ya kutajwa kuwa chanzo ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1992, muda mfupi tu baada ya wasichana wale kufa.

Nimeileta hadithi Tabora kwa sababu hapa moto ni sehemu ya riziki, na mpelelezi hawezi kumtilia shaka kila mwenye kiberiti. Mkulima wa tumbaku ya mvuke hukesha kwenye bani, yaani banda la kukaushia majani, kwa siku kadhaa mfululizo akichochea kuni, akilinda joto lisizidi wala lisipungue, na jani moja kavu likichomoka kwenye fito na kuangukia bomba la moto linalopita chini linaweza kuondoka na bani zima pamoja na jasho la msimu. Mrina asali huingia katika misitu ya miombo na kienge kinachofuka moshi, na kiangazi mkulima huchoma mabua ili asafishe shamba. Hata historia yetu ina moto wake: mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona Wajerumani wameingia ndani ya boma lake, aliwasha ghala lake la baruti naye akiwa humo. Mtoto wa Tabora hukua akisikia habari hiyo, na sikuweza kuandika juu ya moto wa mji huu bila kuipa nafasi, japo ni aya moja tu katika riwaya.

Moto wa sasa katika hadithi unaunguza ghala la chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku usiku wa kuamkia siku ya soko, marobota yakiwa yamepangwa mpaka darini. Anayejua kilichokuwa ndani ya ghala ni mwanamke mwenye bani lake mwenyewe, mjane wa makamo, mtunza kumbukumbu wa chama, ambaye daftari lake linaonyesha marobota pungufu ya yale yaliyoandikwa kwenye karatasi za bima. Ndiye shahidi muhimu, na kwa siku mbili za kwanza ndiye mshukiwa muhimu vilevile. Nimejitahidi mapenzi yao yaote taratibu kutokana na kazi, kwa sababu sina imani na mapenzi ya riwaya yanayoanza kwa kutazamana mara moja. Anamwona mpelelezi akipiga magoti majivuni, akitia mabaki kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana badala ya mfuko wa plastiki wa kawaida, kwa kuwa mvuke wa petroli hupenya plastiki na kutoweka kabla sampuli haijafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Anamwuliza kwa nini anahangaika hivyo wakati kila mtu mjini ameshamtaja mlinzi wa ghala. Mpelelezi anajibu kwamba ameshawahi kumwamini kila mtu.

Mwanamke huyo ni dada wa mrina asali. Analijua jina la mpelelezi tangu siku ya kwanza, naye mpelelezi hajui yeye ni nani, na nimeiweka sura ya kufahamiana katikati kabisa ya kitabu, kwenye stesheni ya Tabora, wakati abiria wa Kigoma wanagombania nafasi na wa Mpanda bado wanasubiri mabehewa yao.

"Afande," anamwambia, "mimi sikukufuata wewe, wewe ndiye uliyekuja ghalani kwetu. Lakini kaka yangu alifungwa kwa mdomo wako."

"Mama, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilitaka kwanza nikuone unavyofanya kazi."

Kuanzia hapo taharuki haitegemei tena kufukuzana usiku, ingawa kufukuzana kupo, na waliochoma ghala wana watu wa kumnyamazisha mwenye daftari. Mpelelezi akisimama mahakamani kueleza kwamba ushahidi wake wa zamani haukuwa na msingi, mawakili wa waliochoma ghala watauliza kwa nini ushahidi wake wa leo uaminiwe. Akinyamaza, ghala litapata haki na kaka yake yule mwanamke ataoza gerezani. Kumpenda kwenyewe kunamharibia kesi, kwa maana mpelelezi mwenye uhusiano na shahidi wake anapaswa kujitoa, na akijitoa kazi itakabidhiwa kwa mwenzake ambaye tayari amekula na waliochoma ghala.

Kuna njia rahisi ambayo nimeikataa kabisa, nayo ni kumfanya mpelelezi mwenyewe awe mchomaji. Jambo hilo limetokea kweli: John Orr, nahodha na mchunguzi wa moto wa Glendale, California, alitiwa hatiani kwa kuchoma majengo, ukiwemo moto wa dukani wa Oktoba 1984 ulioua watu wanne, na mswada wa riwaya aliyoiandika kuhusu zimamoto mchomaji ulitumika dhidi yake mahakamani. Ni kisa cha kutisha, lakini kinamwachia msomaji faraja ya kuamini kwamba ubaya unakaa ndani ya mtu mmoja mgonjwa. Mtu wangu ni mwaminifu, ana heshima kwa sare yake, na alimfunga asiye na hatia huku akiwa na uhakika. Huyo ndiye ninayemwogopa, na huyo ndiye ninayetaka mwanamke mwenye akili ampende akijua yote.

Sura ninayoiandika wiki hii ni ya Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, ambako mpelelezi anatoa kiapo kuhusu kioo na maji. Katika rasimu ya kwanza yule dada alilia na kumshika mkono, nikaifuta. Katika hii ya sasa anakaa safu ya nyuma na daftari lake mapajani, na jaji anapoahirisha shauri anatoka mbele ya mpelelezi bila kumngoja, kwa sababu gari la kwenda gerezani kumweleza kaka yake habari hizo linaondoka saa nane.