Ile injini
Jana usiku nimeangalia filamu ya Killer of Sheep ya Charles Burnett, na ile injini bado inaniuma. Jamaa wawili wanaishusha ngazini, jasho linawatoka, wanaiweka nyuma ya pikapu, ukingoni kabisa. Gari kuondoka tu, puu! Injini chini, imeharibika. Wanaitazama, wanajiendea zao.

Burnett aliipiga filamu hiyo wikendi hukohuko Watts, mtaa wa Los Angeles alikokulia, kwa chini ya dola 10,000, akaiwasilisha chuo kikuu cha UCLA mwaka 1977 kama kazi ya shahada. Kumbi za sinema ilichelewa kuingia hadi 2007, kisa haki za muziki uliomo zilikuwa hazijalipiwa. Miaka 30, jamani! Oscar ya heshima alipewa 2017.

Mke wangu akauliza nacheka nini peke yangu. Nikamrudishia ile sehemu. Hakucheka.