Matofali Yaliyokataliwa

Mwishoni mwa Novemba 2021 nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kata, na pia katibu wa kamati ya mapokezi ya vifaa vya ujenzi. Shule yetu ilikuwa imepewa shilingi milioni 40 za vyumba viwili vya madarasa, sehemu ya vyumba 15,000 vilivyojengwa nchini Tanzania kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, na agizo lilikuwa kwamba vikamilike kabla wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hawajaripoti Januari. Kila shule ilikuwa ikijenga kwa wakati mmoja. Saruji ilipanda bei, na mafundi wazuri wakawa wa kugombaniwa.

Asubuhi moja fundi mkuu alimwita mkuu wa shule kwenye ujenzi. Aliinua tofali hadi usawa wa bega, akaliachia, likasambaratika. La pili likafuata, na la tatu. Yalikuwa matofali 400 niliyoyapokea na kuyasainia juzi yake kwa kuhesabu idadi tu, bila kujaribu hata moja.

Nilitazamia karipio mbele ya mafundi. Mkuu aliuliza jambo moja tu: yapo yaliyokwisha kujengewa? Fundi akajibu, kozi mbili, yaani mistari miwili ya matofali ukutani. "Zibomolewe, fundi," akasema, kisha papo hapo akampigia simu mhandisi wa wilaya, akamweleza kosa lile kuwa ni la kamati yake, bila kulitaja jina langu. Naamini hapo ndipo ujenzi ulipookoka, kwa maana wengi wetu, kwa hofu ya tarehe, tungeyafunika kwa lipu tukanyamaza.

Muuzaji aliyachukua matofali yake, kwani Mkuu hakuwa ameruhusu alipwe kabla fundi hajaridhika. Mapya tuliyafyatua uwanjani, na yalihitaji kumwagiliwa maji siku saba. Siku hizo hazikupita bure, kwa sababu Mkuu alibadilisha mpangilio wa kazi jioni ileile: seremala akaanza kuunda kenchi za paa chini ya mwembe, kazi iliyokuwa isubiri kuta, na wazazi wakapangiana zamu za kuteka maji kwa vitongoji, naye Mkuu akiwa wa kwanza kufika na ndoo yake kila alfajiri.

Lori la saruji lilipoingia siku ya tatu, alinikabidhi kitabu cha mapokezi kilekile. Nilikagua mfuko mmoja baada ya mwingine, jua likazama, dereva akinung'unika, ndipo nikasaini.