Mtoto aliyesimamishwa katikati ya wakubwa

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii nimekaa na Marko 9:33-37 na nimeshindwa kutoka hapo, kila nikitaka kwenda kwenye masomo mengine narudi palepale, kwa sababu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu nilipokuwa nafundisha kwenye shule moja ya wavulana ya Kanisa. Shule ya bweni, misa kila asubuhi, sanamu ya Bikira Maria ukiingia tu getini, yaani ile shule ambayo mzazi akimleta mtoto anaondoka moyo umetulia kabisa.

Tulikuwa na walimu wawili. Mmoja mkongwe, mkali, anafundisha hesabu, na kijana akipita mikononi mwake anazijua kweli. Mwingine alikuja baadae, wa historia, kijana kijana, ana maneno mazuri na wanafunzi wanampenda mno. Hawakuwahi kugombana hadharani hata siku moja, asubuhi wote wawili wako kwenye foleni ya komunyo. Ila siku ya mahafali vijana walimshangilia yule mdogo mpaka bwalo zima likatikisika, alipoitwa mkubwa wakapiga makofi ya heshima tu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, niliuona uso wake. Hapo ndo ilianzia.

Someni 1 Samweli 18 mtaona ni kitu kilekile. Wanawake waliimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, na tangu siku ile Sauli akamwonea Daudi wivu. Daudi hakuwa amemuibia chochote, ni wimbo tu watu wameimba! Wengi tunaukumbuka ule mkuki aliotupiwa Daudi akiwa anapiga kinubi, ila tusogee mpaka sura ya 20 mstari wa 33, pale Sauli anamtupia mkuki Yonathani, mtoto wake wa kumzaa mwenyewe, kisa amemtetea Daudi. Jamani. Wivu ulikuwa juu ya Daudi lakini mkuki ukamwendea mtoto.

Na kwetu ikawa hivohivo, polepole, bila mtu kusema ni vita. Kijana akichelewa darasani na akaenda kuomba msamaha kwa mwalimu wa hesabu anaulizwa kwanza, hivi yule mwenzangu huwa anasemaje kuhusu mimi? Vijana wana akili sana, wakajua kumbe ukipeleka habari adhabu inapungua, basi wakawa wanapeleka, na zikiisha za kweli wanatunga. Yule wa historia nae, pamoja na upole wake wote, akaanza kuita wachache ofisini jioni baada ya rozari anawaambia nyie ndo watu wangu, nawategemea. Ikaja barua haina jina, imesukumwa chini ya mlango wa gombera, yaani padre mkuu wa shule, tuhuma nzito juu ya mmoja wao. Wiki mbili mbele ikaja nyingine juu ya yule wa pili. Halafu usiku mmoja kijana wa kidato cha pili akapigwa bwenini na wenzake mpaka mkono ukavunjika, kosa lake alionekana anambebea mwalimu wa hesabu madaftari.

Hakuna mwalimu aliyemgusa yule mtoto. Hilo ndo linanitesa mpaka leo, kwamba kila mmoja wetu angeweza kuapa kwamba hajamgusa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2539 inamnukuu Mt. Gregori Mkuu kuhusu wanaozaliwa na wivu: chuki, masengenyo, kashfa, kufurahia balaa la mwenzako, na kuumia akifanikiwa. Nikisoma orodha ile naweza kuonyesha kila kimoja kilikaa kiti gani kwenye chumba cha walimu. Na masengenyo, wapendwa, naomba tusidanganyane, namba 2477 haisemi ni uongo tu. Ukitoa makosa ya mtu kwa wasioyajua bila sababu ya haki, hata kama ni kweli tupu, umemkosea. Mimi sikuandika barua yoyote, lakini habari zikiletwa pale mezani nilikuwa nasogeza kiti nisikie vizuri, tena nilikuwa na upande wangu. Nimeliungama hilo ila bado nalisema kwa sababu najua humu ndani kuna walimu, kuna makatekista, kuna walezi wa vijana parokiani, na kiti tunakijua.

Mt. Yohane Baptista de La Salle, ambaye Papa Pius wa XII alimtangaza msimamizi wa walimu mwaka 1950, aliwaambia mabruda wake kwamba watatoa hesabu mbele za Mungu kwa ajili ya roho za watoto waliokabidhiwa. Yakobo nae kwenye 3:1 anaonya tusiwe waalimu wengi maana hukumu yetu ni kubwa zaidi. Kwa hiyo wiki hii naomba tufanye kimoja tu, kabla hujaingia darasani au kwenye kipindi mtaje kwa Mungu yule mwenzako ambaye akisifiwa unaumia, mtaje kwa jina lake, uombe afaulu, na kama mtoto akikuletea habari zake usimuulize swali la pili.

Turudi kwa Marko. Yesu aliwauliza mlikuwa mnashindania nini njiani, wakanyamaza, kwa kuwa njiani walibishana nani mkubwa. Ndipo akamchukua mtoto akamsimamisha katikati yao akamkumbatia. Sisi nasi tulimuweka mtoto katikati, ila ili mkuki upite kwake.

Ule ukimya naujua. Asubuhi ile gombera alituita wote akauliza swali moja tu, nani ameandika hizi barua. Hakuna aliyejibu. Dirisha lilikuwa wazi na yule kijana alikuwa nje kwenye benchi, mkono umefungwa, anamsubiri mama yake aje kumchukua, na nina hakika alitusikia tulivyonyamaza.