Soketi moja, kasi tatu

Nikisema nabuni saketi za mtandao, wengi hapa Mbeya huelewa kwamba navuta kebo maofisini. Kebo nazivuta pia, na ndizo zilizonifanya niipende sehemu moja ndogo ya ubao: transiva ya Etheneti (mtandao wa kebo), ile chipu inayokaa kati ya soketi ya kebo na prosesa. Inatuma na kupokea ishara bila kujua mapema nani yuko upande wa pili.

Sasa hivi nina kazi ya ubao wa kukusanya uzito kwenye mizani za majani mabichi ya chai kule Rungwe. Mizani ni za zamani, zinajua megabiti 10 kwa sekunde basi. Kompyuta ya karani ni ya megabiti 100. Swichi ya ofisini, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, ni mpya, ya gigabiti, yaani megabiti 1000. Ubao wangu utachomekwa popote kati ya hapo, na lazima uelewane na kila mmoja kwa soketi ileile na transfoma ndogo zilezile zinazopitisha ishara, bila karani kuchagua chochote.

Mtu angedhani kasi kubwa ndiyo inayoumiza kichwa. Inaumiza kweli: 1000BASE-T, kiwango cha gigabiti cha mwaka 1999, kinatumia jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo, ngazi tano za volti, na kila jozi inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ni kama watu wawili wanaoimba pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake kwa sababu sauti yake mwenyewe anaijua. Chipu inajua ilichotuma, kwa hiyo inakokotoa mwangwi wake na kuutoa kwenye kinachorudi. Hesabu hiyo inakula umeme mwingi, ndiyo maana kasi ikishuka sehemu hiyo huzimwa.

Lakini waliounda gigabiti walituachia zawadi. 100BASE-TX, kiwango cha megabiti 100 cha mwaka 1995, kilikuwa kinapeleka alama (ngazi moja ya volti kila mara) milioni 125 kwa sekunde, na wao wakabaki na mdundo huohuo kwa kila jozi. Kila alama inabeba biti mbili za data, jozi moja inapata megabiti 250, nne zinatimiza 1000. Saketi moja ya saa, inayopiga mdundo wa megahezi 125, inatosha kwa viwango vyote viwili. Hata upande wa kutuma hauhitaji saketi tatu: kigeuzi kimoja cha kutoka dijitali kwenda analogi kinaweza kuchora ngazi tano, ngazi tatu za megabiti 100, au mawimbi ya megabiti 10. Namba unazokilisha ndizo zinazoamua umbo.

Anayesumbua ni mzee. 10BASE-T, kiwango cha megabiti 10 cha mwaka 1990, kinataka kilele cha takriban volti 2.5 kwenye waya, wakati megabiti 100 inaridhika na volti 1. Chipu za leo zinaishi kwa volti ndogo, na kuzisukuma hadi huko ni kazi. Mwaka 2010 kiwango kiliongezewa aina ya 10BASE-Te yenye volti pungufu, na hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye chipu nyingi mpya.

Sehemu ninayoiona bora kuliko zote ni salamu. Kifaa cha megabiti 10 kikikaa kimya, hutuma pigo moja fupi kila baada ya milisekunde 16 hivi, kusema nipo. Vifaa vipya vilipokuja, havikubuni salamu nyingine. Mahali pa lile pigo moja viliweka fungu la mapigo yanayobeba biti 16: naweza kasi hizi, wewe je? Kifaa cha zamani kinasikia pigo lake la siku zote na kinaridhika. Kipya kinasoma ujumbe mzima. Hakuna aliyelazimishwa kutupa chombo chake, na huo kwangu ni ubunifu wenye adabu.

Salamu hiyo ina udhaifu mmoja, na huku kwetu tunaukuta sana. Hupita kwenye jozi mbili tu. Kuna ofisi Tukuyu ilibadilisha swichi, kompyuta zikakataa kuwaka taa ya mtandao. Fundi kijana akanipigia.

“Dada, kebo ni nzima. Swichi ya zamani nikiirudisha, inafanya kazi.”

“Umepima jozi zote nne?”

“Mbili zinakuja hapa, mbili zimeenda meza ya pili.”

Kebo moja kwa kompyuta mbili, jambo la kawaida pale kebo inaponunuliwa kwa mita na bajeti imekwisha. Kwa megabiti 100 haina shida. Kwa gigabiti, pande mbili zinasalimiana vizuri, zinakubaliana, zinajaribu kuamsha jozi nne, mbili hazipo, zinaanza upya. Zinaweza kushinda hivyo mchana kutwa.

Chipu nzuri hujaribu mara chache, kisha yenyewe hushuka hadi megabiti 100. Kiwango hakiilazimishi, ni hiari ya mtengenezaji, na kwenye baadhi ya chipu kipengele hicho huja kimezimwa mpaka programu ikiwashe. Mimi natafuta kipengele hicho kabla ya kuangalia bei. Swichi zao zilikuwa hazina, tukaweka bandari zile (soketi za swichi) kutangaza mwisho megabiti 100, kazi ikaendelea.

Ndiyo maana ubao wa Rungwe nitaupima kwanza kwa kebo ya jozi mbili na kwa mizani ya zamani. Gigabiti kwenye kebo mpya itafuata baadaye. Na kwa mafundi wenzangu wanaoletewa swichi za gigabiti 2.5 na kuendelea: someni karatasi ya maelezo kabla mteja hajalipa, kwa sababu bandari nyingi za aina hiyo zimeshaacha megabiti 10, na mizani ya mteja wako haitapata wa kuongea naye.