Mzambarau wa Luchelele na upupu wake

Jumapili, saa nne usiku.

Vidole vyangu bado vina rangi tangu jana asubuhi. Nimevisugua kwa limau, nikavisugua kwa sabuni ya mche, lakini weusi umejificha kwenye kona za kucha. Kesho darasani watoto wataniuliza, nami nitawajibu kwamba mwalimu wao alikwenda kuokota zambarau.

Mwaka jana, kazi hiihii, nilirudi nyumbani na ndoo mbili zimejaa pomoni huku mwili mzima ukiniwasha. Mwaka huu nimerudi na kilo nne na ushee, sina hata kipele. Na nina huzuni, ndiyo maana sijalala.

Huo mzambarau uko upande wa Luchelele, hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ukiteremka kwa njia wanayopita wavuvi kwenda kwenye mitumbwi yao, unakuta mawe matatu makubwa yamebebana kama mawe ya Mwanza yanavyobebana, la juu ukidhani litaanguka leo, kumbe liko hapo tangu enzi. Kati ya hayo mawe na maji ndipo ulipo. Hakuna aliyeupanda. Asili ya mzambarau ni huko Bara Hindi, lakini mbegu zake hazingoji mtu azichukue: popo na ndege wanakula, wanaruka, wanaziangusha. Shangazi yangu anasema alikula zambarau za mti huo akiwa msichana mdogo, na hata wakati ule mtoto hakuweza kuukumbatia mikono ikakutana.

Na kuuzunguka, kwa miaka yote niliyoujua mimi, kulikuwa na upupu.

Sina haja ya kumweleza mtu wa huku upupu ni nini. Lakini ule ulikuwa upupu hasa. Ulipanda kwenye mawe, ukatambaa juu ya vichaka, ukaning'iniza yale maganda yake ya rangi ya dhahabu iliyoungua, laini kwa macho kama manyoya ya paka. Uzuri wake ndio unaomponza mgeni. Tena upupu haungoji uuguse. Ganda likikauka, upepo mdogo tu unanyanyua vile vinyweleo, na wewe uliyesimama hatua tano unashangaa shingo imeanza kuwaka.

Shangazi ana masharti yake ya kuuendea mti huo, na nimeyasikia tangu niko darasa la pili. Uende alfajiri, umande ukiwa bado umevilaza vinyweleo. Utoke kabla jua halijakolea, kwa sababu ardhi ikishapata moto ndipo upepo wa ziwani unapoanza kuvuma kuja nchi kavu, na ukikukuta pale chini, shauri yako. Uvae gambuti na koti la mvua, usivae sweta, maana sufu inabeba upupu hadi kitandani kwako. Na upitie upande wa mawe, kwa kuwa upande wa maji kuna kichocho.

Mwaka jana nilikaidi. Shangazi alikuwa na miguu inayomuuma, nikaenda mwenyewe, tena saa nne na nusu asubuhi, nikijiambia kwamba nitafanya haraka. Nilikuwa juu ya jiwe, ndoo ya pili inakaribia kujaa, majani ya mzambarau yakaanza kucheza. Nikaelewa. Nilipofika nyumbani nilikuwa nalia machozi, mtu mzima mimi. Shangazi hakunigombeza hata neno. Alisema tu, "Usijikune mwanangu, ukijikuna unavishindilia," akaingia jikoni, akasonga ugali mgumu, akawa anakata matonge ya vuguvugu na kuyabingirisha shingoni na mikononi mwangu, tonge likichafuka anatupa, anakata jingine. Ugali ulikuwa unaving'oa vile vinyweleo. Baada ya hapo akanipaka majivu. Nililala kwenye mkeka kama mtoto mwenye surua, na yeye akikaa pembeni ananipepea.

Baadaye nilisoma sababu ya vidonge vya aleji kutonisaidia siku ile. Kwenye vinyweleo vya upupu mna kimeng'enya kinachoitwa mukunaini, na chenyewe ndicho kinachoziamsha neva za ngozi moja kwa moja. Vidonge hivyo vinazuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa aleji, na mwasho wa upupu haupiti njia hiyo. Mdogo wangu anayesoma Uingereza aliniambia kwao mambo ni tofauti. Mwezi wa tisa alinitumia picha akiwa kandokando ya mfereji wa maji, ameshika bakuli la matunda meusi ya porini yenye umbo kama la forosadi, mti wake una miiba. Wenyeji wanayachuma kutengeneza jamu na mvinyo. Alivaa sketi, akajikuta katikati ya majani yanayochoma, yale yenye vinywele vigumu kama vioo vyembamba vinavyodunga na kumwaga sumu ndani ya ngozi, histamini ikiwamo. Bibi mmoja aliyekuwa anachuma jirani naye akang'oa jani pana lililoota palepale, akamsugua miguu. Na akamwonya kwamba wazee wa kwao hawachumi tena matunda hayo ikishapita tarehe 29 Septemba, wakisema shetani ameyatemea mate. Mdogo wangu alicheka, kisha akaniandikia: "Dada, nimemkumbuka shangazi na ugali wake." Nilisoma ujumbe huo mara tatu.

Sasa niseme ya jana.

Tulitoka giza bado, mimi, shangazi na kijana wa jirani aliyebeba ngazi. Tumevaa makoti yetu ya mvua. Kufika kwenye mawe, shangazi akasimama. Hapakuwa na upupu. Ardhi ilikuwa nyeusi, imechomwa, na pale ambapo moto ulikuwa umepoa siku nyingi kulikuwa na matuta ya mchicha na nyanya zilizofungwa kwenye miti, na bomba la mpira limelala hadi ziwani. Mwenye bustani alikuwa ameshaamka. Akatuamkia vizuri, "Mwangaluka," shangazi akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, kama inavyopasa. Kisha yule kijana akatabasamu kwa furaha ya kweli, akasema, "Shangazi, nimewasafishia njia. Sasa mnapita bila taabu. Wanangu walikuwa hawalali kwa kujikuna."

Ningemjibu nini? Nina watoto 60 na kitu darasani, nawajua wanaokuja wamejikwaruza hadi damu. Ninajua pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na pale tuliposimama hata 30 hazifiki. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama mkewe akimwagilia, mtoto mgongoni, nikanyamaza.

Lakini mti! Matawi mawili makubwa yamevunjwa, yananing'inia kwa gamba. Zambarau zimepopolewa kwa fimbo zikiwa bado nyekundu, zimetapakaa chini zinaliwa na sisimizi, na zambarau nyekundu haina faida kwa mtu yeyote, ni ukakasi mtupu. Na kwenye shina, upande unaotazama ziwa, mtu amebandua gamba kwa panga, upana wa viganja viwili, kwa ajili ya dawa. Najua watu wanachemsha gamba hilo kwa ajili ya sukari na tumbo la kuhara. Ila wakija wengine watatu nao wakabandua kuzunguka, mti utakauka ukiwa umesimama, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini kinapita humo humo kwenye gamba.

Shangazi aliweka kiganja chake juu ya kile kidonda. Akakaa hivyo muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ulikuwa mlinzi."

Hilo ndilo lililoniingia. Miaka yote hii nimeuona upupu kama mkosi uliouandama mti wetu, bei tunayolipa kwa kutaka zambarau. Haikunijia hata siku moja kwamba watoto wenye fimbo, wachoma mkaa na wabandua magamba walikuwa wanaishia pale kwenye mawe, wanageuka, kwa sababu yake. Mti uliachiwa uzae na uivishe. Tena upupu ni jamii ya kunde, mizizi yake inaurudishia udongo naitrojeni. Wakulima wengine wanapanda ule usiowasha kwa makusudi, uwe mbolea. Huenda hata rutuba inayomfurahisha yule kijana kwenye mchicha wake imetoka humo.

Tulichuma tulichokipata. Za juu kabisa, ambako fimbo hazikufika, zilikuwa zimeiva vizuri, nyeusi zenye vumbi la buluu, ukiminya inaachia. Tumbiri walitutazama kutoka jiwe la pili. Saa mbili tulikuwa tumemaliza, upepo haujaanza.

Jana mchana nikazipekua moja moja, zilizopasuka na kuchacha nikatupa, maana chache tu zinaweza kugeuza dumu zima kuwa siki. Nikaziosha, nikaziponda kwa mikono ndani ya ndoo ya plastiki. Sufuria za alumini sizitumii kabisa, ukali wa zambarau unakula alumini hiyo na mvinyo unabaki na ladha ya sarafu. Na ninaponda kwa mkono, sitwangi, kwa sababu kokwa likipasuka uchungu wake hautoki tena. Kilo nne zimepata maji ya kutosha kufika lita 10, maji ya bomba niliyoyachemsha nikayaacha yapoe, na kilo mbili za sukari. Zambarau yenyewe haina sukari ya kujivunia. Hesabu ninayoifuata ni gramu 17 hivi za sukari katika lita moja kuzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo natarajia kama asilimia 12, hamira isipochoka njiani. Hamira ni ya chenga, ileile ya mkate, kijiko kimoja cha chai, nimeiamsha kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Kitambaa safi juu, kimefungwa kwa mpira, nzi wasiingie.

Sasa hivi maganda yamepanda juu yametengeneza kofia. Nimeyakoroga kabla sijakaa kuandika, na nitayakoroga asubuhi na jioni kwa siku tano, yasipate ukungu. Halafu nitachuja, machicha yatupwe kwenye migomba, maji yaingie kwenye dumu lililokuwa la maji ya kunywa. La mafuta halifai, harufu haitoki hata ufanyeje. Mfunikoni napitisha mrija mwembamba unaoishia kwenye chupa ya maji, hewa itoke isirudi. Kuna mwaka nililiziba dumu kabisa kwa kutojua, likapasuka usiku, ukuta wa stoo una doa mpaka leo. Baada ya wiki tatu namwaga taratibu kwenye dumu jingine, mashapo yabaki. Narudia tena baada ya miezi miwili. Halafu ni kusubiri, na kusubiri ndiko kunakoumaliza ule ukakasi.

Kuna jirani aliwahi kuniuliza kama natengeneza gongo. Nilimpeleka akaone mwenyewe. Hakuna moto, hakuna mtungi, hakuna kinachogeuzwa mvuke. Ni matunda, sukari na subira.

Leo baada ya ibada tulifungua chupa moja ya zile za mwaka jana, za siku ya ugali. Zimebaki tatu. Rangi yake ukiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha ni nyekundu iliyoiva, na mwishoni kabisa ulimi unabaki na ule mkwaruzo mdogo wa zambarau, kama mtu anayekuaga lakini hajaondoka. Shangazi anakunywa nusu glasi, hazidishi. Alikulia kwenye nyumba iliyokuwa inatengeneza wanzuki kwa asali ya mizinga ya babu, na hadi leo chochote kilichochachuka anakipima kwa wanzuki ule. Huwa anatikisa kichwa. Leo hakutikisa.

Kuna kitu sijamwambia mtu, nakiandika hapa. Jana, wakati tunapanga ngazi, niliona kwenye ufa wa jiwe la chini ganda moja la upupu ambalo moto haukulifikia. Nililibana kwa jani la mgomba, nikaliweka kwenye mfuko wa plastiki, na nyumbani nikalichoma juu ya kaa kidogo tu hadi vinyweleo vikaungua. Ndani mlikuwa na mbegu nne, nyeusi, zinang'aa. Nimeziweka kwenye kopo juu ya kabati. Nimekuwa nikiwaza kile kidonda cha mti, kisha nikiwaza wale watoto wa bustanini wanaolala vizuri sasa, kisha narudi tena kwenye mti. Nikizifukia nyuma ya jiwe la tatu, mbali na matuta, upande ule wa shina tu? Upepo wa mchana unatoka ziwani, unaelekea kwao.

Jioni hii shangazi alikuwa anatafuta chumvi, akalifungua lile kopo. Akazitazama mbegu kwa muda mrefu. Akalifunika, akalirudisha mahali pake, akaendelea kutafuta chumvi. Alipokuwa anakwenda kulala alisimama mlangoni akasema, "Masika yakikaribia unikumbushe, twende tukaongee na yule kijana."